Uji wa Saa Moja na Robo

Sijui mtu wa Mufindi, hapa Iringa, anayekubali kuambiwa kwao kuna njaa. Mahindi tunayo, maharage tunayo, viazi mviringo havikauki sokoni, na siku hizi hata parachichi zetu zinavuka bahari. Lori linalotoka Mafinga kwenda Dar es Salaam kama halijabeba mbao limebeba chakula. Kwa hiyo siku ile afisa lishe aliposimama kwenye mkutano wa wazazi akasoma kwamba utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 umekuta asilimia 56.9 ya watoto wa chini ya miaka mitano mkoani Iringa wamedumaa, wakati kwa nchi nzima ni asilimia 30, watu waliguna. Baba mmoja nyuma yangu akasema, "Sisi ukoo wetu wafupi tangu babu." Tukacheka. Afisa akaendelea kusoma: Njombe 50.4, Rukwa 49.8. Mikoa ileile inayolisha wenzake.

Nilikuwa pale kama mzazi tu. Kazi yangu ni mama lishe. Nimeuza wali maharage na ugali nyama karibu na stendi miaka mingi, wateja wangu wakiwa madereva na wapakia mbao. Mkutano ulipokaribia kufungwa mwalimu mkuu akauliza, "Nani hapa anaweza kupika sufuria la lita sitini lisiungue?" Wanawake wote wakanigeukia. Hivyo ndivyo nilivyoingia kwenye uji wa shule. Sikuwa na wito wowote, nilikuwa na mwiko mkubwa.

Shule iko kijiji cha pembeni ya mji, upande wa mashamba ya misindano. Anayeijua Sao Hill, shamba la miti la serikali lililo kubwa kuliko yote nchini, anaweza kukisia maisha ya hapo: viwanda vidogo vya kupasulia mbao, milima ya vumbi la mbao, na watu wanaoishi kwa kibarua. Leo mtu anapakia magogo, kesho anapalilia viazi vya tajiri, keshokutwa hana kitu. Wengi wana shamba, ila dogo, na mahindi yake yanauzwa yakiwa bado shambani.

Njaa ya mtoto wa hapa ni njaa ya asubuhi, na ilinichukua muda kuielewa kwa sababu niliingia nyumba zenye magunia mawili ya mahindi darini na bado mtoto alikuwa anatoka bila kutia kitu mdomoni. Fuso la vibarua linapita saa kumi na moja alfajiri. Mama ameondoka nalo, au baba, au wote. Moto umezimika, kuni zina umande, na mwezi wa sita au wa saba baridi ya Mafinga inamfanya hata mtu mzima asitamani kutoka kitandani. Kuna nani wa kukaa saa nzima akipuliza moto apike uji? Dada mkubwa wa darasa la tano? Naye anatakiwa shuleni. Kama kiporo cha ugali kimebaki wanakigawana, kama kuna viazi vya jana wanatia mfukoni. Vinginevyo ni maji na safari. Kisha wapo wanaolelewa na bibi. Mkoa wetu umezikwa sana na UKIMWI, hilo hatulifichi tena, na kuna watoto ambao wanatakiwa kumeza dawa kila siku na ambao dawa hizo tumboni tupu zinawapa kichefuchefu. Bibi mmoja alinifuata kando akaniuliza kama uji utakuwepo kila siku au ni wa kampeni. Nilimjibu sijui, maana wakati ule kweli sikujua.

Na kuna ulanzi. Wasomaji wa pwani wasiojua: mvua zikianza, tunakata ncha za mianzi michanga, utomvu unadondoka kwenye mbeta, kile chombo cha mwanzi, na asubuhi unakuwa mtamu kama soda. Wapo wazazi wanaompa mtoto kikombe cha huo mtamu aende nacho shule, kwa imani kwamba haujawa pombe. Ila ulanzi haumsubiri mtu. Unaanza kuchachuka ukiwa bado mtini, na ukifika mchana ni habari nyingine. Ukilala unakuwa mkangafu wa kuangusha mwanaume. Walimu walikuwa na watoto wanaosinzia kipindi cha pili kila masika, wakidhani ni malaria.

Zamani uji ulipokuwepo, kwa kudokoa, ulikuwa unanyweka saa nne, wakati wa mapumziko. Ndivyo shule nyingi zinavyofanya. Aliyetuzindua ni mwalimu wa hisabati wa darasa la tatu, kijana mdogo. Hisabati huwekwa asubuhi kabisa kwenye ratiba kwa hoja kwamba hapo akili ya mtoto bado mbichi. Akaniambia, "Mama, mimi vipindi viwili vya kwanza nafundisha matumbo. Akili zinakuja saa nne na nusu, na hapo ni zamu ya mwenzangu wa michezo." Tulilipeleka kamati ya shule. Upinzani ulitoka mahali nisipotegemea: kwa baadhi ya walimu, kwamba saa moja ni muda wa usafi, watoto wanafagia na kumwagilia miche. Tukakubaliana uji uwe saa moja na robo, usafi uanze mapema kwa wanaokaa karibu na wa mbali wanywe kwanza. Kufagia kukapungua ubora kidogo, na sijasikia mtoto aliyefeli kwa ajili ya majani uwanjani.

Kitu ambacho hakuna aliyekipanga ni kwamba watoto wa mbali, waliokuwa wanaingia saa mbili na wanachapwa kwa kuchelewa, walianza kuwahi kuliko wa karibu. Walikuwa wanakuja na wadogo zao ambao hata darasa la awali hawajaandikishwa, kajitoto ka miaka mitatu kameshikwa mkono, kamevalishwa sweta la kaka linaloburuza. Kamati ikanung'unika kwamba tunalisha kijiji. Mimi nilikuwa nakachotea. Kama kudumaa kunaanzia kabla ya shule, kama alivyotueleza afisa, basi kale ndiko kalikuwa kanauhitaji uji kuliko wote waliopanga foleni.

Sasa niseme ya jikoni, kwa sababu watu wengi wanaopenda kusaidia hupitia mlango wa roho nzuri wakasahau mlango wa jikoni.

Watoto walikuwa wanakaribia mia nne. Ukimpa kila mmoja kikombe cha kumtosha, unahitaji kilo ishirini za unga na ndoo sita za maji kila asubuhi. Kwa wiki hiyo ni gunia la kilo mia. Kwa mwaka wa masomo, wiki kama arobaini, ni magunia arobaini. Gawanya kwa watoto unapata kilo kumi, nusu debe na punje kadhaa juu yake. Nusu debe ya mahindi kwa mtoto kwa mwaka mzima! Nilirudia hesabu hiyo mara nyingi kwa wenzangu kwa sababu hata mimi ilinishangaza. Mlevi mmoja anakunywa nusu debe kwa Jumamosi mbili.

Unga tulitumia dona. Hapo palikuwa na mvutano, maana kwetu dona ina jina baya, watu wanaiona ni chakula cha gerezani na cha bweni. Mwenye heshima zake anakoboa apate sembe nyeupe. Ila ukikoboa unaacha mashineni kiini na ganda, wanakula nguruwe, na wewe unabaki na weupe. Mashine za mtaani haziongezi virutubishi kwenye unga, kwa hiyo kilichotoka kwenye punje hakirudi. Tuliamua dona, pamoja na soya kidogo na karanga zikipatikana. Soya tulichemsha kwanza, tukaianika, tukaikaanga, ndipo ikaenda kusagwa. Naona akina mama wanachanganya soya mbichi na kila nafaka iliyoko sokoni wanaita unga wa lishe. Soya mbichi inamsumbua mtoto tumbo na inazuia mwili kuyeyusha protini ileile unayomtafutia. Nafaka moja, kunde moja, mafuta ya karanga, inatosha.

Kuni kwetu ni mabanzi, zile pembe za magogo zinazobaki kiwandani. Ya msindano yanawaka haraka, yana utomvu, yanatoa moshi mweusi unaogandia kwenye sufuria. Ya mkaratusi au ya muwati yanakaa. Unaanza na msindano kuchemsha maji, unamalizia na muwati. Maji yakianza kutokota unakuwa tayari umekoroga unga pembeni kwenye ndoo kwa maji baridi mpaka hakuna donge. Unamimina kwa mkono mmoja, mwingine uko kwenye mwiko, na hapo huongei na mtu. Ukikatisha kukoroga kwa dakika moja, chini panashika, na uji ulioungua kidogo unanuka sufuria zima. Kisha unauacha uive kweli, nusu saa kwa moto mdogo. Wengi wanauepua ukishakuwa mzito, lakini uzito si kuiva. Uji mbichi unajulikana kwa ladha ya unga inayobaki kwenye ulimi, na watoto wanaujua kuliko wakaguzi.

Vikombe kila mtoto alikuja na chake. Hapo ndipo unaiona nyumba ya mtu bila kuingia. Vikombe vya plastiki, vya bati vilivyobanduka rangi, kopo la mafuta ya kupikia lililokatwa na kusuguliwa ukingo kwa jiwe, kifuniko cha chupa ya chai. Asubuhi za baridi walikuwa wanavuta mikono ya sweta ifunike vidole ndipo wapokee, halafu hawanywi kwanza. Wanakishika tu kikombe, mikono yote miwili, wameinama usoni kwenye mvuke. Mwalimu wa zamu alikuwa anawahimiza wanywe kengele isiwakute. Mimi nilikuwa namwambia, "Mwalimu, waache, hiyo nayo ni sehemu ya uji."

Jambo lililotusumbua kuliko yote ni daftari.

Elimu bila ada ilipoanza Januari 2016, wazazi wengi walilielewa neno moja tu, bure. Ukimwambia habari ya mchango anakujibu serikali imeshasema. Waraka wa elimu namba 3 wa mwaka huohuo ulifafanua kwamba chakula cha mtoto wa kutwa kinabaki kwa mzazi, na kwamba michango ipitie kwa jamii yenyewe, si mwalimu mkuu kukusanya pesa mlangoni. Nani kijijini anasoma waraka? Kamati yetu ikapanga debe moja la mahindi kwa kila kaya yenye mtoto shuleni, na sado moja ya soya au karanga kwa mwenye uwezo. Ikafungua daftari. Ikaweka na sheria: asiyetoa, mtoto wake hanywi.

Kwa hiyo kulikuwa na foleni, na kulikuwa na mkaratusi. Chini ya mkaratusi ndipo waliposimama wa wasiotoa. Hakuna aliyewaambia wasimame pale, walijichagulia wenyewe kwa sababu upepo ulikuwa unapeleka moshi na harufu upande mwingine. Kulikuwa na kijana wa darasa la pili aliyekuwa na kawaida ya kunisogelea nikiwa nakwangua sufuria, bila kikombe, mikono nyuma. Nikamwita, "Baba, njoo." Akasema, "Mimi nimeshiba, mama." Sikuwa nimemuuliza. Na alilisema kwa utulivu wa mtu aliyefundishwa, au aliyejifundisha, kumfichia baba yake aibu.

Nilipeleka hoja kamati kwamba sheria hii ivunjwe. Nisiwasingizie wenzangu ubaya. Walikuwa na sababu, na mwenyekiti aliieleza vizuri. "Mama, ukimpa kila mtoto, mwakani nani ataleta debe? Tutapika huruma?" Nilijua ana haki. Nimefanya biashara ya chakula, najua mkopo ukishazoeleka hauna mwisho. Lakini dukani kwangu anayekopa ndiye anayenyimwa. Hapa aliyekuwa anadaiwa amekaa kilabuni na aliyekuwa ananyimwa ana miaka minane.

Tulivutana vikao vingi. Kilichotuvusha ni wazo la bibi mmoja mjumbe, mkongwe kuliko sote. Alisema daftari litolewe shuleni, liende ofisi ya kijiji. Mtendaji na mabalozi ndio wadai, kwa mzazi, nyumbani kwake, jioni. Mwalimu asijue nani katoa. Mpishi asijue. Mtoto akifika na kikombe anachotewa. Asiye na mahindi kabisa, na wapo, apewe kazi: kuleta mabanzi kwa baiskeli, kuchota maji, kulima ekari moja ya shamba la shule. Wajane na mabibi wenye wajukuu wakasamehewa kwa majina, kimya kimya, kwenye ukurasa wa nyuma.

Haikuwa dawa ya kila kitu. Yupo bwana mwenye bodaboda tatu barabarani ambaye hajaleta hata punje mpaka leo, na watoto wake wananywa mbele yangu vikombe viwili viwili. Wapo wanaosema tumewafundisha watu uvivu. Ila mkaratusi ulibaki bila watu, na waliotoa hawakupungua kama mwenyekiti alivyohofia. Baadhi waliongezeka, kwa sababu balozi akikukuta nyumbani na mkeo anasikiliza, ni vigumu kumwambia serikali imesema bure.

Yakaja mahindi yenyewe. Mtu akitoa kwa moyo na akitoa kwa sheria, mkono unajua tofauti. Siku ya kwanza ya mapokezi nilifungua gunia la mzee mmoja anayeheshimika sana, mwenye matrekta. Juu palikuwa peupe, punje kubwa za kupendeza. Nikaingiza mkono hadi kiwiko, nikatoa mahindi ya kijani na nyeusi, yameshikana, yana joto. Kuvu. Nyuma yake kwenye foleni alikuwa bibi wa wajukuu wanne ambaye alishasamehewa na bado akaja na sado mbili kwenye kapu, zimepetwa, hazina hata jiwe. Nikamwamkia mzee kwanza kama inavyopasa.

"Kamwene, baba."

"Kamwene, mwanangu."

"Baba, haya ya chini yana kuvu. Siwezi kuyapokea."

"Mbona nguruwe wangu wanayala?"

"Ndiyo, baba. Warudishie."

Watu waliinama kuficha kicheko. Aliondoka amekasirika na alirudi wiki iliyofuata na gunia safi, sitamsema zaidi. Ila jambo la kuvu si la mzaha. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa sumukuvu iliyokuwa kwenye mahindi. Haifi kwa kupikwa, moto wa uji hauigusi, na huwezi kuichekecha ukaitoa. Kinga yake ni kukausha kabla ya kuhifadhi na kutupa kilichooza. Tangu hapo pokezi letu lina turubai: kila mtu anamwaga mzigo wake mbele ya wenzake, tunapepeta hapohapo, ndipo tunapima. Mfuko uliofungwa haupokelewi hata ukiwa wa diwani. Tulinunua na mifuko ya kinga njaa, ile yenye nailoni mbili ndani, inayomkosesha dumuzi hewa. Bei yake inauma, ila gunia lililotobolewa na dumuzi hadi kuwa unga wa vumbi linauma zaidi.

Na tulibadilisha mwezi. Shule hufunguliwa Januari, kwa hiyo kwa miaka yote michango ilitangazwa Januari. Muulize mkulima yeyote wa nyanda hizi Januari ni nini. Mahindi yapo shambani kimo cha goti, ghala limebaki pumba, bei ya debe imepanda, na ndiyo mwezi wa sare na madaftari. Unamwomba mtu debe wakati yeye mwenyewe anakopa sado. Sisi tunavuna Juni hadi Agosti. Walanguzi wanalijua hilo vizuri kuliko kamati za shule; wanafika na mizani na pesa taslimu wakati bua bado limesimama, na yaleyale mahindi tunayanunua tena Februari kwa karibu bei mara mbili. Tulipohamishia mapokezi mwezi wa saba, kabla fuso la mlanguzi halijamaliza kijiji, madebe yalikuja bila kelele nyingi. Ajabu yake ni kwamba kila mtu alikuwa anayajua haya, na hakuna aliyewahi kuyasema kikaoni kwa sababu mchango ulikuwa "jambo la shule", na mwaka wa shule unaanza Januari.

Sukari sitaikalia sana. Mwanzoni mwa 2024 ilipoadimika nchi nzima na bei kuruka, tuliiacha, tukatia chumvi kidogo na karanga. Watoto wa mjini wangegoma. Wa kwetu walikunja uso siku mbili wakazoea, na hatukuirudisha hata bei iliposhuka, ila siku ya kufunga shule.

Bibi yule wa daftari aliniambia siku moja kwamba haya si mapya. Miaka ya 1980, Njombe ikiwa bado ndani ya Iringa, UNICEF na WHO waliendesha na serikali mpango wa lishe katika vijiji 168 vya mkoa. Watoto walikuwa wanapimwa uzito kijijini kila baada ya miezi michache, kwa mizani ya kuning'inia, kadi zina kijani, kijivu na nyekundu, nyekundu ikiwa ya mwenye uzito mdogo mno, na matokeo yanasomwa mbele ya serikali ya kijiji kama inavyosomwa hesabu ya fedha. Yeye alikuwa mama kijana, anapima. "Mwenyekiti alikuwa anaulizwa, nyekundu zako ngapi? Anajibu amesimama," akaniambia. Watu wa nje walikuja kujifunza kwetu. Nilimuuliza kilichotokea baadaye. Akasema, "Mizani iliharibika, vijana wakahamishwa, tukasahau." Ninapolisikia lile la 56.9 namfikiria yeye aliyekuwa anashika mizani, wala si wafupi wa ukoo wa baba yule.

Wageni nao tumewaona. Wanafika na fulana zinazofanana, wanashika upawa kwa picha, wanachota uji mwingi mno kwa watoto watano wa mbele, wanaondoka. Wengine waliacha vikombe mia, na vikombe vile bado vipo, siwakejeli. Ila mwenye kutaka kusaidia kweli angetulipia mashine ya kusaga kwa muhula mmoja, au mifuko ya kinga njaa, na hilo halina picha.

Sasa hivi tumebanwa kwenye mambo mawili. Moja ni moto. Serikali imetaka taasisi zinazopikia watu wengi ziache kuni na mkaa, na mkakati wa nishati safi unataka asilimia 80 ya Watanzania wawe wanapika kwa nishati safi ifikapo 2034. Kama mtu ambaye macho yangu yamekuwa mekundu kwa moshi wa msindano, naunga mkono. Kama mtu anayeshika hesabu, najua mabanzi tunapewa na gesi inanunuliwa. Kwa sasa tuna jiko banifu la matofali lenye bomba la moshi, limepunguza kuni karibu nusu.

La pili ni wapishi. Saa kumi usiku, giza na ukungu, wanawake wawili wanatoka nyumbani kwao kwenda kuwasha moto wa watoto wa watu. Kufikia saa mbili wamemaliza kuosha, na fuso la vibarua lilishapita. Kwa hiyo kila siku ya uji ni siku ambayo hawakulipwa popote. Mimi nina biashara, nakuja siku ninazoweza, na sidai kitu. Wao hawana. Nilipoleta pendekezo kila kaya itoe shilingi 1,000 kwa mwezi ya wapishi, baba mmoja akainuka: "Kwani hawa si wanajitolea?" Nikamuuliza yeye kwenye kamati analipwa posho ya kikao au la. Akakaa. Wanaume kumi na wawili kwenye ile kamati, na hakuna hata mmoja aliyewahi kushika mwiko. Kujitolea kwetu kuna jinsia, na watu hawapendi ukilisema.

Mkutano uliishia katikati: madebe mawili ya mahindi kwa mwezi kwa kila mpishi, hakuna fedha. Mmoja alikubali. Mwingine alisema mahindi anayo, anachotafuta ni nauli na sare za kijana wake wa sekondari, akaenda kupalilia viazi, na sina neno naye. Nafasi yake naziba mimi Jumatatu na Alhamisi, siku zingine mwalimu wa zamu anaamka mwenyewe kuwasha moto, na kuna asubuhi ambazo uji unatoka saa mbili kasoro, hisabati imeshaanza. Mkutano wa mapokezi ni mwezi wa saba. Nimeshamwambia mwenyekiti ajenda ya wapishi iwe ya kwanza, kabla ya mahindi, wakati watu bado wamekaa.